Kabla Hujaketi Mbele ya Mshauri

Hibo, aabo,

Salamu nitazifupisha, maana salamu ndizo zilizonichelewesha kwa miaka mingi, na ukisoma mbele utaelewa.

Mama yako amekwisha kukupa maagizo ya kutosha kujaza sanduku la pili. Mkebe wa nyama ya nyirinyiri ameufunga kwa utepe mara tatu ili mafuta yasimwagikie vitabu vyako, blanketi ameshalikunja, na mchana nimemsikia akikurudia kwa mara ya nne habari ya kufunga mlango wa bweni. Kwa hayo sina la kuongeza. Nimekuja huku kwenye kibanda changu sokoni baada ya Asri, kwa sababu nyumbani kila nikishika kalamu mama yako ananiuliza natafuta nini. Siku ya soko ilikuwa jana. Leo kuna vumbi tu, na mbuzi wawili ambao mwenyewe bado hajaja kuwachukua.

Utashangaa nimekuandikia Kiswahili. Kisomali ndicho tunachoishi nacho nyumbani, ndicho tunachogombana nacho pia, lakini hakuna aliyenifundisha kukiandika. Shule ilinipa Kiswahili na Kiingereza, na hicho cha pili kilinikataa. Nakuita aabo, yaani baba, jina lile lile unaloniita wewe, kama watu wetu wanavyowaita watoto wao, na hilo ndilo neno la kwetu ambalo siwezi kuliacha hata kwenye barua.

Najua kwamba Jumatano utaanza kumwona mshauri nasaha pale chuoni. Ulimwambia mama yako jikoni wiki iliyopita, mkanyamaza nilipoingia, na mama yako akaanza kuniuliza habari ya maji ya tangi ambayo hajawahi kujali maisha yake yote. Nilikunywa chai yangu nikajifanya sikusikia. Hiyo ndiyo kazi ninayoijua vizuri kuliko hata hii ya ng'ombe na mbuzi.

Sasa nikuambie jambo ambalo mama yako hajui. Mimi pia ninakwenda. Kila Jumatatu saa nne, tangu mwaka jana, baba yako Yusuf anaketi kwenye chumba kidogo nyuma ya hospitali, mbele ya mama mmoja wa Mwingi anayeitwa Bi Mwikali, anazungumza. Unaweza kucheka. Ningekuwa wewe ningecheka kwanza, halafu ningekasirika.

Unakumbuka kifua changu? Mwaka jana, siku ya soko, nilikuwa nimesimama katikati ya ng'ombe na watu, na pumzi ikakataa. Sikuumwa mahali popote, ila pumzi haikuingia, na mikono ikafa ganzi, na nikajua kabisa kwamba nakufa. Wakanibeba hospitali. Wakapima moyo, wakapiga kifua picha, wakachukua damu. Daktari kijana akaja na ile picha akaniambia, "Mzee, kifua chako ni safi. Una jambo linalokukaba, lakini haliko kwenye kifua." Akaandika jina la Bi Mwikali kwenye karatasi. Nikaikunja ile karatasi mara nyingi mpaka ikawa ndogo kama ukucha.

Nilikwenda kwa sababu pumzi ilikataa mara ya pili, nikiwa nyumbani, msalani, na nikaogopa kufia humo. Lakini mtu wa hapa ataingiaje kwenye mlango ule? Garissa ukikohoa watu wanajua ulikohoa upande gani. Nani atampa mtu binti yake, au mbuzi wake wa mkopo, akisikia kwamba kichwa chake kinatibiwa? Basi nikachukua ile bahasha kubwa ya eksirei, nikaishika mbele ya tumbo, nikapita nayo langoni ili yeyote atakayeniona aseme, maskini Yusuf na kifua chake. Kila Jumatatu bahasha ile ile, picha ile ile. Imechakaa kwenye kona.

Na watu walinihurumia, aabo! Uliona mwenyewe. Shangazi yako alituma asali. Jirani akaleta maziwa ya ngamia asubuhi na jioni. Msikitini imamu aliniombea mimi na kifua changu, na mimi nikaitikia amina pamoja na wengine. Dubow, yule dalali wa ngamia, mpaka leo akiniona anapiga kelele kwa Kiswahili chake cha sokoni kutoka ng'ambo ya zizi: "Yusuf! Hii kifua yako imebona?" Namjibu alhamdulillahi, inaendelea vizuri.

Nakueleza haya ili ujue kwamba ile aibu utakayoisikia ukikaribia mlango wa mshauri ninaijua. Huko Nairobi hakuna atakayekujua, lakini utaangalia nyuma hata hivyo, utamwona kila mwanamke mwenye hijabu kuwa ni binamu ya mtu. Angalia nyuma, kisha ingia. Wewe usibebe bahasha. Mimi nilibeba kwa sababu niliwahi kuwafundisha watu wa nyumba yangu kwamba kilichopasuka ndani kinafunikwa, na wa kwanza kufundishwa ulikuwa wewe.

Siku ya kwanza niliipoteza bure. Bi Mwikali alinikaribisha, akaniuliza, "Habari yako, mzee?" Nikasema nzuri. "Nyumbani?" Salama. "Mama watoto?" Salama. "Kazi?" Alhamdulillahi, salama. "Unalala vizuri?" Salama. Unatujua sisi. Mtu atatoka malishoni amebeba habari ya kifo, ataulizwa, ma nabad baa, ni amani? Atajibu, waa nabad, ni amani. Atapewa maji, atapewa chai, atauliza naye habari za mvua, na baada ya hapo ndipo atasema nani amefariki. Bi Mwikali hakuwa na chai. Mimi nikasubiri chai, yeye akasubiri habari, mpaka muda ukaisha. Akatazama saa ya ukutani akaniambia, "Mzee Yusuf, leo tumesalimiana. Karibu Jumatatu."

Kwa hiyo Jumatano, huyo mshauri akikuuliza habari, usimpe nabad. Hataudhika. Hakukuuliza kwa adabu, anataka kujua. Mwambie silali. Mwambie chakula hakipiti. Ukishindwa kabisa, mwambie sijui nianzie wapi, na hilo nalo ni habari. Mimi ilinichukua majuma matatu kufika hapo, na mimi ni mtu wa maneno mengi.

Atakuwa na fomu ya kujaza, ya mambo ya kawaida. Atakueleza kwamba utakayoyasema yatabaki pale, ila akiona maisha yako au ya mtu mwingine yako hatarini, hapo itabidi amwambie mtu wa kusaidia, na atakuambia kwanza. Sikiliza vizuri anapofika hapo, usitikise kichwa tu kama nilivyotikisa mimi. Kisha, huenda siku hiyo hiyo, atakuuliza kama umewahi kutamani kufa. Usishtuke, usidhani ameona kitu usoni mwako. Wanamuuliza kila mtu. Mimi nilimjibu, "Hiyo ni haramu." Akasema kwa upole, "Sikuuliza kama ni haramu, mzee. Nimeuliza kama umewahi." Sikumjibu siku hiyo. Nilimjibu baadaye, na nilipomjibu dunia haikuanguka, na Mungu hakunifukuza. Ukiulizwa wewe, jibu ukweli, Hibo, hata kama ukweli huo utaniua mimi kwa uchungu nikiusikia. Si mimi wa kulindwa tena.

Juma la pili aliniambia, "Niambie kuhusu familia yako." Hapo nikafurahi, maana hilo ninaliweza. Nikaketi sawasawa nikaanza: Yusuf wa Abdullahi wa Hassan wa Nuur, nikapanda nao babu kwa babu kama nilivyofundishwa na marehemu baba yangu kwa kiboko, mpaka wa kumi na mbili. Yule mama akaandika, akaandika, mkono ukamchoka. Nilipomaliza nilijiona nimefaulu mtihani. Akasema, "Asante, mzee. Na watoto wako wanaitwa nani?"

Nikasema, "Hibo."

Akasubiri. Akauliza, "Ni huyo mmoja tu?"

Nikasema, "Ni huyo mmoja."

Nimewahi kudanganya, mimi ni mfanyabiashara wa mifugo, sitajitia utakatifu. Nimemwambia mtu ng'ombe ana miaka minne nikijua ana saba. Lakini sijawahi kusema uwongo kama ule. Niliwataja wanaume kumi na wawili waliokufa, wengine wao hakuna anayejua hata kaburi, na mwanangu niliyemzaa na kumzika kwa mikono yangu nikamruka. Niliinuka kabla ya saa kwisha, nikachukua bahasha yangu, nikaenda kukaa kwenye bomba la maji nyuma ya hospitali. Nililia pale mpaka adhana ya Adhuhuri. Mlinzi alikuja akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia ndiyo. Akaniuliza lini, na nikashindwa kumwambia kwamba ni miaka saba.

Zakaria. Tangu arubaini yake hujawahi kunisikia nikitamka jina hili. Nimeliandika sasa hivi na nimekaa nikilitazama.

Yako mambo mengine madogo nataka uyajue kuhusu chumba kile, halafu nirudi hapa, kwa sababu nisiporudi hapa barua hii yote ni bahasha nyingine ya eksirei. Mshauri wako atanyamaza. Ukinyamaza wewe, naye atanyamaza. Sisi sokoni anayesema kwanza ndiye anayepunguza bei, basi siku moja nikaamua nimshinde. Tulikaa kimya dakika ishirini. Nilitoka kifua mbele, na nilipofika langoni ndipo nikajiuliza nimeshinda nini. Wewe usishindane naye. Pia hatakuambia la kufanya, na hilo litakukera, kwa sababu kwetu ukimpelekea mtu shida yako lazima akupe shauri, hata kama ni shauri baya. Bi Mwikali nilimwambia wazi, "Mama, mimi nalipa nauli ya pikipiki kuja hapa, unanirudishia swali langu?" Akacheka. Nami nikacheka, na hiyo ndiyo siku niliyoanza kumpenda.

Anaweza kuwa Mkristo, anaweza kuwa hajui chochote kuhusu sisi. Mweleze. Hatagusa sala yako. Mimi hutoka pale nikaswali Adhuhuri vizuri zaidi kuliko nilivyoswali kwa miaka mingi. Lakini ukiona baada ya mara tatu nne kwamba huyo mtu hakufai, kwamba anakuhukumu au moyo wako umekataa, omba mwingine. Usiseme kwamba umejaribu matibabu yakashindwa. Na siku za mwanzo utatoka ukiwa umechoka na umeumia kuliko ulivyoingia. Hakuna aliyenionya hilo. Nilidhani naharibika. Siku hiyo usijifungie chumbani peke yako, kaa na watu, kula kitu cha moto, mpigie mama yako simu mzungumze upuuzi.

Sasa nirudi.

Ulipokuwa kidato cha tatu mwalimu wako aliniandikia barua. Hukuwahi kuambiwa. Aliandika kwamba unaanguka darasani, kwamba usiku unaamka unapiga kelele wasichana wenzako wakaogopa kulala karibu nawe, kwamba shule inashauri upelekwe kwa mtaalamu wa akili na hisia. Aliandika kwa heshima kubwa. Niliisoma mara moja nikaona neno "akili" tu. Nikaiweka kwenye mkoba wa hati za shamba, na nikampigia mwalimu simu nikamwambia ni malaria, tumeshaanza kuitibu. Wewe ukarudi shule na dawa za malaria. Ulizimeza zote. Sijui ulifikiri nini ulipokuwa unazimeza.

Likizo iliyofuata nikakupeleka kwa Sheikh. Alikusomea siku tatu, unakumbuka, na mimi nilikaa nje nikiomba iwe ni jini, maana jini ana jina na ana dawa na hatoki kwangu. Siku ya tatu Sheikh aliniita pembeni. Akaniambia, "Yusuf, huyu msichana hana jini. Ana huzuni, na ni nzito kuliko umri wake. Madaktari wa mambo haya wako, mpeleke. Mimi nitaendelea kumwombea." Mzee wa watu alisema kweli, na kwa ukweli huo mimi nikafika nyumbani nikamwambia mama yako kwamba Sheikh amesema ni husuda, ni jicho, litapita. Ukanywa maji ya kusomewa mwezi mzima kwa ugonjwa ambao Sheikh mwenyewe alisema si wake. Mama yako hajui mpaka leo. Nitamwambia kesho ukishaondoka, na nitastahili chochote atakachonirushia.

Unaona, watu wawili waliniambia. Sikuweza kukupeleka popote, kwa sababu nilijua utakaa kwenye kiti uulizwe kilianza lini, na utajibu. Nilikuwa naogopa jibu lako. Ukweli ni huo, wala sina mwingine wa kuusingizia.

Ile likizo ya Desemba niliwapeleka wewe na Zakaria kijijini Griftu kwa ayeyo, bibi yenu. Ulikuwa na miaka kumi na miwili, yeye saba. Mvua ya deyr, ile ya vuli, ilikuwa imenyesha kupita kiasi na silanga, lile bwawa la kunyweshea mifugo, lilikuwa limejaa mpaka ukingoni, maji ya rangi ya chai. Unakumbuka jinsi alivyofurahi? Alinipigia simu kwa simu ya ayeyo akaniambia, "Aabo, Griftu ina bahari!" Niliambiwa niwarudishe baada ya juma moja. Soko lilikuwa zuri, bei zilikuwa juu, nikawaacha juma la pili.

Juma hilo maji yakamchukua. Nilifika Griftu Alasiri, kwa gari la kukodi, tukamzika kabla jua halijatua. Wanaume walikuwa wamekaa chini ya turubai kwa tacsi, kuhani msiba, watu thelathini au arobaini, wengine siwajui. Mtu akasema mwite msichana aliyekuwa naye. Ukaja. Ukasimama mbele yangu, na mimi, mbele ya wale watu wote, nikakuuliza, "Hibo, ulikuwa wapi?"

Hukujibu. Uliangalia miguu yako. Na gauni lako, lile la kijani la Idi, lilikuwa na tope kuanzia chini mpaka kifuani, tope limekauka limekuwa jeupe. Hakuna mwanamke aliyekumbuka kukubadilisha nguo. Nililiona lile tope, aabo. Nataka ujue kwamba nililiona. Nilikuuliza ulikuwa wapi na jibu lilikuwa kwenye gauni lako, na bado nikasubiri ujibu, mpaka ayeyo akaja akakushika mkono akakuondoa.

Tangu siku hiyo hukuniita aabo mbele ya watu. Labda ulidhani sikugundua.

Na sasa lile lenyewe. Nimelizunguka tangu Asri na muadhini hana muda mrefu.

Silanga la pale lilikuwa na ua wa miiba, unaukumbuka, uliozuia mbuzi na watoto wasiingie upande wa kina kirefu. Mvua iliubeba. Siku nne kabla ya Zakaria kufa, ayeyo alinipigia simu. Aliniambia, "Yusuf, miiba yote imekwenda na maji, na watoto wako wanacheza pale. Mimi goti langu haliniruhusu kuwakimbilia. Tafuta vijana wawili wakate miiba wafunge." Kazi ya nusu siku. Nilikuwa na namba za vijana kumi pale Griftu wanaoninunulia mbuzi, ningempigia mmoja tu. Nilikuwa nimesimama hapa hapa sokoni, na watu wawili wananingoja. Nikamwambia ayeyo, "Haya, baada ya soko." Soko likaisha. Nikasahau.

Nilisahau, Hibo. Sikukataa wala sikuona uzito kuifanya. Nilisahau tu, kama mtu anavyosahau mwavuli. Halafu nikaja kukuuliza wewe, mtoto wa miaka kumi na miwili, ulikuwa wapi.

Ayeyo alijua. Alikaa na jambo hilo mpaka akafa, na hakuwahi kunitaja mbele ya mtu. Mara moja tu, alipokuwa mgonjwa, alinishika mkono akaniambia, "Zungumza na msichana." Nikasema nitazungumza. Hilo pia nikaliweka baada ya soko.

Bi Mwikali nilimwambia majuma mawili yaliyopita. Nilidhani nikishalisema kwake limekwisha. Akasema, "Asante kwa kuniambia. Lakini mwenye habari hii si mimi." Nilimkasirikia, nikaruka Jumatatu moja. Ndiyo, hata sisi wazee tunasusa. Nikarudi kwa sababu nilisikia jikoni kwamba wewe unakwenda kwa mshauri wako, na nikaona picha mbaya: wewe umekaa pale, mwezi baada ya mwezi, unachimba ndani yako kutafuta kosa ambalo liko mfukoni mwangu. Yule mtu angejitahidi kukusaidia na habari ambayo nusu yake nimeificha mimi. Nisingeweza kukuacha uende hivyo.

Ndani ya bahasha hii nimeweka barua ya mwalimu wako. Ni yako. Mpe mshauri ukitaka, au ichane. Hii yangu pia unaweza kumpa aisome. Nilikuwa nimefikiri kuificha kwenye begi chini ya nyirinyiri uikute Nairobi, nikiwa mbali. Lakini nimeficha vya kutosha. Kesho alfajiri nitakupa mkononi kwenye stesheni ya basi, na nitasimama pale mpaka basi litoke.

Sikuombi unisamehe. Utakapokasirika, na nadhani utakasirika, usiibane hasira hiyo kwa sababu mimi ni baba yako. Mpelekee mshauri, hata hiyo ina nafasi kwenye chumba kile. Nikikupigia simu usipokee, sitamwambia mama yako kwamba ni mtandao. Nitamwambia ni haki yako. Na siku utakayopokea nikuulize kama ni nabad, usinijibu nabad kama si nabad. Nitasikiliza. Nimejifunza kidogo, kila Jumatatu, kwa nauli ya pikipiki.

Bahasha ya eksirei nimeiacha hapa kibandani. Jumatatu nitapita langoni mikono mitupu, na Dubow akiniuliza habari ya kifua nitajua la kumwambia.

Muadhini ameanza. Nimalizie swali nililokuuliza chini ya turubai, kwa sababu hakuna aliyewahi kulijibu na umelibeba miaka saba.

Ulikuwa ndani ya maji, aabo. Uliingia mpaka kifuani, hujui kuogelea, ukimtafuta ndugu yako.

Mimi ndiye niliyekuwa sokoni.

Yusuf,
baba yao Hibo na Zakaria